Kwako inakataa, kwangu inakubali

Mara ya tatu sipiyu ya Mwalimu, lile sanduku la kompyuta yake, ilipoletwa kwangu juu ya mkokoteni, yule hamali aliishusha taratibu pale barazani, akafuta jasho, akaniuliza, fundi, hii bado haijapona tu? Sikuwa na la kumjibu. Nikaiingiza ndani nikaichomeka, ikawaka vizuri kama mpya, ikafanya kazi mchana kutwa na usiku kucha bila kugoma hata mara moja. Na Mwalimu alikuwa ameniapia kwenye simu kwamba asubuhi ile ile, kabla ya kumpa hamali, imejizima na kujiwasha mara nne akiwa anachapa barua ya mtu.

Naandika habari za hii mashine kwa sababu imenifundisha kazi kuliko mashine zote nilizowahi kuzifungua hapa Lamu, na kwa sababu kila wiki kuna kijana fundi ananiuliza hilo hilo swali, ati nifanyeje na kompyuta ambayo kwa mwenyewe inakataa na kwangu inakubali. Mashine iliyokufa kabisa haina shida, haiwaki basi unapima kutoka kwenye plagi ukielekea ndani mpaka ufike mahali stima inapoishia, kazi ya saa moja. Ugonjwa wa kuja na kwenda ndio unaokula siku za mtu, unakula pesa za kastoma, na mbaya zaidi unaharibu imani, maanake fundi anaanza kudhani kastoma anatia chumvi na kastoma anaanza kudhani fundi ni mwizi.

Mwalimu alifundisha shule ya msingi miaka mingi, alipostaafu akafungua kiduka cha kuchapa na kutoa kopi upande wa bahari, dirisha linatazama maji, ukiketi hapo unaona boti za Mokowe zikija na kwenda. Ni mama wa makamo, mpole, ananiita mwanangu. Tatizo lilianza msimu wa kusi, upepo ulipokaza. Anawasha kompyuta asubuhi, anaanza kazi, ghafla skrini inakuwa nyeusi halafu mashine inaanza upya kama mtu kabonyeza kitufe. Hakuna ujumbe, hakuna ile skrini ya buluu, hakuna mlio. Inazima tu na kuwaka.

Mara ya kwanza nilifanya wanavyofanya wengi wetu, nikashuku ramu, yale mabamba ya kumbukumbu ya muda. Nikazichomoa, nikazisugua meno yake kwa raba nyeupe ya penseli, nikapuliza soketi, nikarudisha, nikaendesha programu ya kupima ramu usiku kucha, masaa kumi na nne, haikupata kosa hata moja. Kwa kuwa sikuwa na jibu na yule mama anasubiri nikamuuzia ramu mpya. Hapa niseme jambo ambalo fundi kijana alishike vizuri. Ukichomoa ramu na kurudisha umeshaigusa, umeshasugua kutu iliyokuwa pale mguuni, kwa hiyo hata mashine ikipona hujui imepona kwa ramu mpya ama kwa ule mchomo tu, ushahidi umeufuta kwa mkono wako mwenyewe. Na mkokoteni nao ni vivyo hivyo. Sipiyu ikitoka upande wa bahari hadi kwangu Langoni inapita vichochoro vya mawe, inagongwa na kutikiswa kila hatua, waya uliokuwa umelegea unaweza kukaa sawa njiani, ikifika kwangu imeshapona kabla sijashika bisibisi.

Mara ya pili nikashuku pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Nikatoa mita nikapima, waya wa njano unatakiwa volti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3, na unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu, yaani ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala isipite 12.6. Zote zilikuwa sawa kabisa, hata nilipoipa kazi nzito. (Nipimapo napima kwenye plagi zake za nje, pawasaplai yenyewe siifungui ovyo, mle ndani kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi, na hiyo haimjui fundi wala mwanafunzi.) Basi nikamwambia Mwalimu ni stima ya huko kwako inayumba, nunua yuupiesi, ile betri inayoshika mashine stima ikikatika. Akanunua, na si kitu cha bei ndogo kwa duka la kopi. Wiki haikwisha akanipigia, mwanangu, imezima tena na taa ya yuupiesi ni kijani muda wote.

Ile simu iliniuma. Alisema kwa upole lakini nilisikia anajizuia. Nikakaa nikafikiri kwamba pesa za huyu mama nimezitumia mara mbili kwa kubahatisha.

Ami yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kazi yake kukalafati, kusindilia pamba kwenye nafasi za mbao ili chombo kisivuje. Nilipokuwa mdogo nilimsikia akihojiana na nahodha kuhusu jahazi lililoletwa pwani likiwa limeinuliwa juu ya magogo. Likiwa pale juu halina tone la maji, mbao zote zinaonekana nzima. Ami hakugusa nyundo. Aliuliza tu. Maji yanaingia ukiwa umepakia ama mtupu? Ukibisha ama ukienda na upepo? Ni ule upande ulalao demani, upepo unakokwenda, ndio unaovuja, ama na wa joshini, upepo unakotoka, pia? Unafua maji mara ngapi kwa usiku, na ngama, pale chini maji yanapokusanyika, inajaa mwanzo wa safari ama baada ya siku nzima baharini? Nahodha akijibu, ami anatembea kuzunguka chombo, anaweka kidole kwenye ubao mmoja, anasema ni hapa. Mimi nilikuwa nikiona kama uganga. Kumbe jahazi lililo juu ya magogo halivuji, na ugonjwa wa mashine ya Mwalimu hauji juu ya meza yangu, na mimi mashine nilikuwa nimeinyanyua mara tatu kuipandisha magogoni nikashangaa mbona haivuji.

Basi nikamrudishia sipiyu yake bila kubadilisha chochote, nikampelekea na daftari la kurasa 32. Nikamwambia Mwalimu nakuomba kitu kimoja, kila ikizima andika siku, saa, ulikuwa ukifanya nini, dirisha liko wazi ama limefungwa, printa inafanya kazi ama la, mvua, upepo, chochote. Kastoma wengine ukiwapa kazi hiyo watakuandikia mstari mmoja, "inasumbua sana". Huyu ni mwalimu. Alipiga mistari kwa rula, akagawa ukurasa safu sita, akaandika kwa ule mwandiko wa ubaoni. Nililipitia lile daftari baada ya siku kumi nikiwa nimesimama hapo hapo dukani, na nywele zilinisimama.

Jumatatu, saa moja na dakika kumi na tano, natafuta faili, dirisha wazi, upepo mwingi. Jumatatu tena, saa mbili kasorobo. Jumanne, saa moja na nusu, nimeiwasha tu sijafungua kitu. Jumatano hakuna, pembeni kaandika "jana usiku niliisahau imewaka". Alhamisi saa moja na dakika ishirini, halafu saa mbili, halafu saa mbili na dakika kumi. Baada ya saa tatu hakuna hata siku moja. Mchana hakuna. Jioni hakuna.

Nikafungua kumbukumbu za matukio ndani ya Windows, zile zinazoandikwa zenyewe kila kitu kinapotokea. Kuna tukio namba 41 linaloandikwa mashine ikiwaka baada ya kuzimika bila kufungwa vizuri, na ndani yake kuna sehemu ya namba ya kosa, yake ilikuwa sifuri, maana yake Windows yenyewe haikuanguka, mashine ilikatwa kutoka chini yake. Tarehe na saa zilikaa sambamba na daftari la Mwalimu, nyuma hadi wiki ya kwanza ya kusi. Saa 7:16, 7:31, 8:02, na wengi wetu tunajua hizo ni saa moja na saa mbili za asubuhi. Zilikuwa mle siku zote. Zilikuja kwangu juu ya mkokoteni mara tatu na sikuzisoma, nilikuwa na haraka ya kupima ramu.

Na ile "niliisahau imewaka" ndiyo iliyonifungua macho. Siku ambayo mashine haikulala, haikuugua asubuhi. Na mimi kwangu nilikuwa naiacha imewaka usiku kucha ikipimwa, sikuwahi hata siku moja kuipa nafasi ya kulala ikapoa.

Mwalimu aliponiona nimeganda na daftari mkononi akanambia kwa Kiamu chetu, "Ndoo uketi hapa saa moja ya asubuhi, uyaone kwa mato yako." Kesho yake nikaswali alfajiri nikapitia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, maduka hayajafunguliwa bado, punda tu na watoto wa madrasa, nikamkuta anafungua milango. Hewa ilikuwa nzito, ukipitisha kidole juu ya meza ya kioo ya mashine ya kopi kinatoka na unyevu, ukilamba ni chumvi. Akawasha. Saa moja na dakika kumi na mbili, skrini nyeusi. Nikaona kwa mato yangu.

Sikugusa kitu. Nilifungua kifuniko cha ubavuni tu, mashine ikiwa inawaka, nikachukua tochi na lenzi nikaanza kutazama. Madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, safi. Kapasita vichwa vyao viko sawa, hakuna iliyovimba wala kuvuja. Feni inazunguka. Nikashuka na nyaya hadi kwenye uso wa mbele wa sipiyu, ule ulioelekezwa dirishani, ambapo kuna kibodi kidogo, kipande cha bodi ya saketi na si kile cha kuchapia, cha ukubwa wa kidole gumba kinachobeba kitufe cha kuwasha na kile cha kuristati, yaani kuianzisha upya. Hapo kwenye miguu ya kitufe cha kuristati kulikuwa na ukoko, kijani kibichi pembeni na mweupe katikati, umetambaa kutoka mguu mmoja hadi wa pili kama kuvu ya mkate. Ukiutazama kwa lenzi unaona chembe chembe za chumvi zimelowa, zinameta.

Wakati huo ilikuwa imeshafika saa tatu na ushei, mashine imepata joto, imetulia haizimi tena. Sasa ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo nakifanya. Nikainama nikakipulizia kile kibodi pumzi ya moto, haa, vile unavyopulizia kioo cha miwani kukifuta. Skrini ikazima. Mashine ikaanza upya. Mwalimu akasema subhanallah. Nikasubiri iwake, ikatulia dakika tano, nikapuliza tena, ikazima tena. Mara ya tatu vile vile. Nikapulizia madabodi upande wa ramu, kimya. Nikapulizia mahali pengine, kimya. Nikachomoa nyaya mbili nyembamba za kitufe cha kuristati kwenye madabodi, nikapulizia ukoko hadi nikaishiwa pumzi, haikuzima. Nikarudisha nyaya, nikapuliza, ikazima.

Hapo ndipo nilipojua nimeupata, si kabla. Kuusimamisha ugonjwa hakutoshi maana wenyewe unasimama ukitaka. Ni pale unapouita ukaja, ukauondoa ukaondoka, ukaurudisha ukarudi.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Kitufe cha kuristati hakifanyi kazi kubwa, kinagusanisha waya mbili tu, moja ina volti kidogo na nyingine ni ya ardhi, graundi, zikigusana madabodi inaelewa kwamba mtu ameamuru ianze upya. Chumvi ya bahari ikiwa kavu haipitishi umeme. Lakini chumvi hunywa maji ya hewani, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 inaanza kulowa yenyewe hadi inakuwa maji ya chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha. Usiku dirisha la pwani, mashine imezimwa imepoa, ukoko unakunywa hadi unashiba. Asubuhi ikiwashwa kuna njia ndogo ya umeme kati ya ile miguu miwili, si nzuri, si ya kudumu, inatosha tu kuidanganya madabodi kila baada ya dakika kadhaa. Ikifika saa tatu joto la ndani limekausha, ugonjwa umekwisha hadi kesho. Na sipiyu ilikuwa ikipakiwa mkokotenini saa nne, jua kali, ikifika kwangu chumba cha ndani kisicho na dirisha la bahari, imekauka kau.

Kitufe nilikiacha bila nyaya, nani anakihitaji. Kibodi nilikisugua kwa mswaki na spiriti ile kali isiyo na maji, nikakausha, nikakipaka vanishi. Dirisha hatukuligusa, nyumba za mji wa kale hazibadilishwi ovyo na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, tuliigeuza meza tu, uso wa mashine ukatazama ukuta. Pesa ya ramu nilimrudishia. Yuupiesi alisema ataibakisha, stima ikipotea angalau anaseivu kazi.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyopokea kazi. Kwanza nauliza lini, kabla ya kuuliza nini. Kuna jamaa mwenye friza za samaki, kompyuta yake ya hesabu ilikuwa inaganda, tulipoandika saa tukaona ni kila friza kubwa inapoanza kunguruma, voltiji inazama sekunde moja halafu inarudi, mita ya kawaida huioni kama hukutazama wakati ule ule. Kuna dada wa Shela leptopu yake inazima akiisogeza skrini nyuma kidogo, kumbe ni waya unaopita kwenye bawaba, umekatika nusu. Kuna mwingine alishaambiwa hadidiski yake imekufa na alikuwa tayari kununua mpya, nikasoma taarifa ambazo diski yenyewe inajiwekea, hesabu ya sekta mbovu sifuri, lakini ile namba 199, inayohesabu makosa ya njiani kati ya diski na madabodi, inapanda kila siku. Ilikuwa kebo. Kebo ya bei ya chai na mahamri.

Na zipo ambazo ni joto tu. Mashine inaanza vizuri, baada ya nusu saa inakufa, ukiiacha ipoe inarudi. Chuma kikipata moto kinatanuka, mahali ambapo risasi ya kuchomelea imepasuka ufa mwembamba kama unywele panaachana. Hizo unazipima kwa njia ile ile, unazipasha kidogo kwa mashine ya kukausha nywele sehemu moja moja, ukiwa na subira, na ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Fundi anayebadilisha ramu, pawasaplai na kebo kwa siku moja na mashine ikapona, hajui alichokifanya, na kastoma amelipa vitatu kwa kosa la kimoja.

Lakini hakuna kifaa nilichonacho, si mita wala lenzi, kilichonisaidia kama lile daftari. Watu wanajua mashine zao. Mwalimu aliniambia tangu siku ya kwanza "asubuhi", neno hilo hilo, na mimi nikalisikia kama salamu. Mtu anayeketi mbele ya kitu masaa kumi kwa siku ameona mambo ambayo fundi hatayaona kwa wiki, ila hajui lipi ni la maana kulisema, na hiyo ndiyo kazi yetu, kumuuliza mpaka alitoe.

Sasa hivi nina leptopu moja ya kijana wa Kizingitini anayepiga video za harusi. Inaganda katikati ya kazi, kwangu imekaa siku mbili haijaganda. Nimemrudishia na boti ya jana pamoja na daftari. Ana mistari minne tayari kwa kumbukumbu ya kichwa, yote ni usiku, mitatu chaja ilikuwa imechomekwa na umeme wa jenereta, wa nne hakumbuki. Nimemwambia asifanye chochote kingine, arudie ule wa nne, usiku, chaja ikiwa imechomolewa, aniandikie saa.